Kiwanda kinamwaga majitaka usiku hadi ziwani: mahakama itatusaidia?

SWALI

Shikamoo wakili. Naishi mtaa ulio kandokando ya ziwa hapa Mwanza, upande wa Ilemela, na nafanya biashara ya dagaa. Huu ni mwaka wa pili kiwanda kilicho juu yetu kinafungulia maji machafu usiku, hasa mvua ikinyesha. Yana mafuta na povu, yananuka, na yanapita kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba zetu mpaka pale tunapoanikia dagaa na watoto wanapochota maji. Tumelalamika kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji wa kata. Bwana afya alikuja mara moja, akaandika kwenye daftari, akaondoka. Jirani mmoja anasema kiwanda kilishapigwa faini, kwa hiyo hatuwezi kukishtaki tena. Mwingine anasema kesi za mazingira ni za serikali, si za watu kama sisi. Je, kuna sheria inayotulinda? Tukienda mahakamani tutaanzia wapi, na tutashinda?

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na hao majirani zako wawili, maana wote wamekosea.

Anayesema kesi za mazingira ni za serikali hajafungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Hakimtaji raia wala mwenye hati ya kiwanja, kinamtaja anayeishi. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri dhidi ya yule ambaye kitendo chake, au kutotenda kwake, kunaelekea kudhuru afya ya watu au mazingira. Shika hilo neno "kunaelekea", kwa sababu maana yake ni kwamba huna haja ya kusubiri mtoto alazwe ndipo uende. Unaweza kuiomba mahakama imzuie mchafuzi, iagize shughuli zake zikaguliwe, imlazimishe ofisa wa umma aliyelala atimize wajibu wake, iamuru mahali palipoharibiwa pafanywe kama palivyokuwa, na walioumia walipwe. (Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria kama ilivyopitishwa mwaka 2004. Katika toleo jipya la sheria zilizorekebishwa unaweza kukuta namba zimesogea, usishtuke.)

Anayesema faini imemaliza mambo anachanganya mifuko miwili. Faini ni adhabu ya kosa la jinai na fedha yake inaingia serikalini. Fidia ni haki yako ya madai na fedha yake inakuja kwako. Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wote tunaliita NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara kule Tarime faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la kuhifadhi tope sumu. Faini kubwa namna hiyo bado haikuwa fidia ya mwanakijiji ambaye ng'ombe wake walikunywa maji. Kuna pia utaratibu unaoitwa kufifilisha kosa: mkosaji anakiri, analipa, hapelekwi mahakamani. Huo nao unafunga mlango wa jinai peke yake. Kwa hiyo kama kiwanda chenu kweli kilipigwa faini, habari hiyo ni mtaji. Tafuteni karatasi yake. Mtu aliyekwishalipa faini kwa kumwaga majitaka atapata taabu kusimama mbele ya jaji na kusema hajawahi kumwaga majitaka.

Hapo nimekujibu kama kuna sheria inayowalinda. Ipo, tena ni nzuri, na kuna nchi tajiri ambazo sheria zao hazimfungulii mlango mtu wa kawaida kwa upana huu. Kwa hiyo watu wanaponiambia "sheria zetu dhaifu" huwa nawauliza wamesoma ipi. Kesi hizi zinafia kwenye chupa.

Nikueleze. Miaka ya nyuma nilisimamia kesi inayofanana na yenu, mahali si mbali na ziwa. Wateja wangu walikuwa na picha za simu, mashahidi wengi, na hasira ya haki kabisa. Walikuwa pia na maji yenyewe, waliyoyakinga kwenye chupa ya soda. Wakili wa upande wa pili, mtu mpole, aliuliza maswali manne tu. Chupa hii ilikuwa na nini kabla ya maji haya? Nani aliijaza, saa ngapi? Ilikaa wapi kabla ya kufika maabara? Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa mahali hapo? Shahidi wangu, mtu mkweli, akajibu kwamba ilikaa siku tatu dukani kwa shemeji yake, rafu moja na mafuta ya taa. Hukumu ilikuja miezi mingi baadaye, lakini kesi tuliipoteza saa ile, mimi na yeye tukitazamana.

Sheria ya Ushahidi ina kanuni moja ngumu: anayedai ndiye anayethibitisha. Jaji hawezi kunusa mfereji wenu akiwa mjini. Na msidhani ushahidi wa macho unatosha, hata kama ni wa mkoa mzima. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu wote walioona walikuwa na mtuhumiwa wao kichwani. Kamati iliyoundwa na serikali ikapima, ikaja kusema chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mitandaoni watu walicheka, wakakasirika, wakatunga utani ambao mpaka leo unatembea. Hata hivyo, kwa jicho la wakili, cha kuzingatia ni kwamba asiyekuwa na sampuli yake mwenyewe, iliyochukuliwa siku ile na kwa utaratibu, alibaki na utani tu mkononi. Ripoti ya maabara hujibiwa kwa ripoti nyingine ya maabara.

Kwa hiyo kabla ya wakili, tafuteni vipimo. Nchi yetu ina viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kwenda kwenye mito na maziwa. Kimojawapo mtakisikia sana, BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu wanahitaji ili kuozesha uchafu uliomo majini. Kikiwa kikubwa, samaki wanakosa pumzi. Ukomo wake ni miligramu 30 kwa lita. Chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100 kwa lita, na kipimo cha tindikali, yaani pH, kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Hizi ndizo namba zinazogeuza neno "yananuka" kuwa kosa la kisheria.

Maji ya kupima BOD yanatakiwa yakae kwenye barafu na yafike maabara ndani ya siku moja, la sivyo vijidudu wanaendelea kula na namba inabadilika. Ya kupima mafuta yawekwe kwenye chupa ya kioo, maana mafuta hugandamana na plastiki. Bora zaidi, msichukue ninyi. Sheria inawapa wakaguzi wa mazingira mamlaka ya kuingia kiwandani na kuchukua sampuli, na inatambua vyeti vya wachambuzi na maabara zilizoteuliwa rasmi. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kazi yenu ni kumfanya mkaguzi aje usiku wa mvua, asije Jumanne saa nne asubuhi baada ya kiwanda kupigiwa simu. Ndiyo maana daftari lenu lina thamani: tarehe, saa, mvua ilinyesha au hapana, rangi ya maji, nani alishuhudia. Likijazwa miezi miwili bila kuruka, litaonyesha mpangilio. Mkaguzi akiona kwamba kila mvua ya usiku ina maji ya povu, atajua aje lini.

Na sampuli moja haitoshi. Chukueni mahali patatu: juu ya bomba la kiwanda, yaani mfereji unakotokea kabla haujalifikia bomba, kwenye bomba lenyewe, na chini yake. Kwa nini juu? Kwa sababu najua atakachosema wakili wa kiwanda, ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Atasema: waheshimiwa, watu wa Mwanza wanatapisha vyoo. Na hatakuwa amesema uongo. Kila anayeishi kwenye milima yetu ya mawe, kuanzia Mabatini hadi Igogo, anajua mvua kubwa ikianza kuna watu wanazibua mashimo ya vyoo ili maji yabebe. Mto Mirongo unayapokea na kuyapeleka ziwani bila kuuliza ya nani. Mamlaka ya maji imejenga mtandao rahisi wa majitaka kwa ajili ya kaya za milimani, umepunguza, haujamaliza. Sasa kama mfereji wenu una kinyesi cha vyoo na pia una mafuta ya kiwanda, ni vipimo vya mahali patatu tu vitakavyoonyesha kipi kimeingilia wapi. Kama kuna mtu mtaani kwenu anatapisha choo kwenye mfereji huohuo, mwambieni aache leo, kabla hamjaandika barua hata moja.

Jambo la pili la kujikagua ni mita 60. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kinakigusa kiwanda, na pengine kinawagusa ninyi. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, nyumba zilizokuwa mbali zikajikuta zinanawa miguu. Kuwa ndani ya mita 60 hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kukumwagia sumu, na haki ya kifungu cha 4 haikuondoki. Lakini wakili wenu ajue mapema nani anakaa wapi. Jambo ambalo jaji analisikia kwanza kutoka kwa adui yako huwa linavimba.

Sasa mlango wa kwanza. Acheni kulalamika kwa mdomo. Bwana afya aliyeandika kwenye daftari lake amekuachieni nini mkononi? Andikeni barua moja, yenye kurasa mbili tu, ipelekwe NEMC ofisi ya kanda, nakala kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria na kwa ofisa mazingira wa halmashauri. Kila mnapoiacha, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukikataa kuondoka bila muhuri hujamkosea mtu adabu. Bodi ya bonde naitaja kwa sababu watu huisahau: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, majitaka hayaruhusiwi kuelekezwa kwenye mto au ziwa bila kibali chake. Swali "kibali chao kiko wapi na kina masharti gani?" ni fupi, na limewahi kuwatoa jasho watu wenye magari makubwa.

Karatasi hizo mna haki ya kuziomba. Sheria ya mazingira inampa mtu haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Ombeni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, masharti yaliyoambatanishwa nacho, na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka. Mara nyingi sharti la kujenga mtambo wa kusafisha majitaka limeandikwa mle tangu siku ya kwanza, na mtambo upo, ila umeme wa kuuendesha unabanwa. Sina ushahidi kwamba ndivyo ilivyo kwenu. Ila kiwanda kinachofungulia usiku kinajua kwamba hakipaswi kufungulia.

Mkaguzi akithibitisha, anaweza kutoa amri papo hapo: ya kuzuia, ya kutekeleza masharti, ya kurejesha mahali katika hali yake. Nawaambia kwa uzoefu, amri moja ya NEMC yenye siku 14 ndani yake imefunga mabomba mengi kuliko hukumu zangu zote. Kosa la uchafuzi linaweza kumfikisha mtu kwenye faini ya kati ya shilingi milioni 3 na milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote. Kwa kiwanda kikubwa milioni 50 ni bei ya gari la mizigo lililotumika. Kinachowaogopesha ni kufungiwa, pamoja na mnunuzi wa nje kusikia.

Kama barua imelala miezi, hapo twende mahakamani, na hapo ndipo napenda kuwasimulia watu habari ya Tabata.

Jiji la Dar es Salaam lilikuwa linatupa takataka Tabata, zinachomwa, moshi na harufu vinaingia majumbani. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikaliamuru jiji liache na litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji halikuacha. Lilirudi mahakamani kuomba muda, kisha muda mwingine. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo likafika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa kwa maneno ambayo wanafunzi wa sheria wanayakariri mpaka leo: kwamba hajawahi kusikia mamlaka ya umma, hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akalihusisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Katiba yetu haina ibara inayosema "mazingira safi" kwa jina kama ile ya Kenya ya mwaka 2010, na sheria ya 2004 ilikuwa bado haijazaliwa. Jaji aliipata haki hiyo ndani ya haki ya kuishi. Mimi bado naona hiyo ni moja ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanyika kwenye mahakama zetu.

Halafu? Takataka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991, na wao wakashinda. Sisemi hivyo kuwavunja moyo. Nataka mjue mnaomba nini. Wakazi wa Tabata waliomba uchafu uondoke Tabata, wakapata walichoomba.

Kwenu, ushauri wangu ni huu, na wapo mawakili wenzangu hawatakubaliana nami: mshtakini kiwanda peke yake kwanza. Watu wakiwa na hasira wanataka kumshtaki kila mtu, kiwanda, halmashauri, NEMC, na ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa. Ukiiunganisha taasisi ya umma, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 lazima utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Ukikosea hatua moja, pingamizi la awali linakuja na kesi inatupwa nje kabla jaji hajasikia neno "majitaka". Kampuni binafsi haina notisi ya siku 90. Halmashauri au wakaguzi mnaweza kuwafuata baadaye, kwa maombi ya mapitio ya mahakama, yaani kumwomba jaji akague uamuzi au ukimya wa ofisi ya umma, mkiwa na barua zenu zenye mihuri kuonyesha waliombwa wakakaa kimya. Mapitio hayo yana ukomo wa miezi 6, kwa hiyo daftari lenu la tarehe litafanya kazi tena.

Mkiwa wengi, msifungue kesi "kwa niaba ya wakazi" kienyeji. Kanuni za mashauri ya madai zinataka muombe kwanza kibali cha mahakama cha wachache kuwawakilisha wengi, na orodha ya majina na saini iwepo. Nimeona kesi ya watu mia na kitu ikifa kwa sababu ya kukosa karatasi hiyo moja. Watu wengine watawashauri mwende kwa njia ya kesi ya kikatiba. Inawezekana, na Jaji Lugakingira huyohuyo, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ndiye aliyefungua mlango mpana wa mtu kushtaki kwa maslahi ya umma. Mwaka 2020 mlango huo ulibanwa: mwombaji akatakiwa aape aeleze jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Ninyi mnaoanika dagaa pale mnaweza kuapa hivyo bila kutafuta maneno. Lakini kwa bomba la kiwanda kimoja, kifungu cha 5 na sheria ya kawaida ya kero, ile inayomkataza mtu kumsumbua jirani kwa anachofanya kwenye ardhi yake, vinatosha, sioni sababu ya kupanda mlima mrefu.

Hiyo sheria ya kero tuliirithi kwa Waingereza tangu 1920, na ndani yake kuna kesi moja ya zamani, Rylands na Fletcher ya mwaka 1868. Mwenye kinu alijenga bwawa la maji, maji yakapenya yakafurika kwenye mgodi wa jirani. Mahakama ikasema anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anakiweka kwa hatari yake mwenyewe, hata kama hakuzembea. Wakili wenu aiweke kwenye hati ya madai pamoja na kifungu cha 5.

Siku ya kwanza ombeni zuio la muda, kwa sababu kesi yenyewe inaweza kuchukua miaka. Hapa jaji atatumia vigezo vitatu vya kesi ya Atilio na Mbowe ya mwaka 1969: kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa? Kuna madhara ambayo fedha haiwezi kuyarudisha? Na nani ataumia zaidi, zuio likitolewa au lisipotolewa? Kwenye hicho cha tatu kiwanda kitaleta orodha ya wafanyakazi, na baadhi yao ni majirani zenu, pengine ni binti yako mwenyewe. Kwa hiyo msiombe kiwanda kifungwe. Ombeni bomba lile lifungwe, na majitaka yapimwe kila wiki na mtu huru kwa gharama ya kiwanda. Jaji anayesita kuwafukuza watu 300 kazini hatasita kufunga koki.

Kuhusu fidia niseme kwa ufupi, maana hapo sheria haina huruma. Hasara ya dagaa walioharibika lazima itajwe na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Ulianika ndoo ngapi, uliuza ngapi, bei ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, siku hiyo ilikuwa ngapi. "Niliharibikiwa sana" hailipwi. Ugonjwa uwe na karatasi ya daktari, na daktari aandike anachoona, asimwandikie mgonjwa anachotaka. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, ingawa madhara yanayoendelea kila siku yanahesabiwa upya kila yanapotokea. Msilitegemee sana hilo la mwisho. Mmeshakula miaka miwili.

Utauliza gharama. Kiswahili ni lugha ya mahakama tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kwa hiyo usiogope kwamba hutaelewa kinachosemwa juu ya dagaa zako mwenyewe. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Hawawezi kusimama mahakamani badala ya wakili, lakini barua, orodha ya majina na daftari wanajua kuvipanga vizuri kuliko mawakili wengi. Gharama kubwa ni maabara. Changishaneni kwa ajili hiyo kwanza, wakili baadaye. Najua nasema maneno ya kujiharibia biashara.

Je, mtashinda? Nikikuahidi, nitakuwa sijui kazi yangu. Naweza kukwambia kwamba watu wa kawaida wameshinda, na si Tabata tu. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, wakazi waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari walipewa shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020 na mahakama ya mazingira na ardhi. Walionyesha jaji vipimo vya damu ya watoto wao.

Inawezekana pia msifike hukumuni. Kiwanda kikishapata wito wa mahakama, meneja ambaye hakuwahi kupokea simu yenu atakuja mtaani, pengine na ahadi ya kisima, au bahasha za wazee. Msikatae kuzungumza, makubaliano mara nyingi ni bora kuliko miaka mitano ya tarehe. Lakini asisaini mtu mmoja peke yake gizani, na kilichokubaliwa kipelekwe mahakamani kisajiliwe kama hukumu, ili wakikivunja mrudi kukazia hukumu na si kuanza kesi upya. Na wakisema bomba litahamishwa, iandikwe humohumo linahamia wapi.